Betri ya lori la zamani: namna ya kuichagua na kuifunga isicheze

Wakuu habari zenu. Nimeamua kuandika hii yote kwa mara moja maana wiki haipiti bila mtu kunipigia au kuja na Canter yake kuniuliza yale yale, fundi betri gani nzuri, saizi ya N70 na N100 ipi inafaa, mbona nimenunua mpya ina miezi minne na asubuhi haigeuzi stata. Hilo la mwisho ndo linaniuma kwelikweli. Mtu ametoa hela yake, pengine ya ada ya mtoto, anakuja analaumu duka kwamba kauziwa feki, mi nafungua boksi nakuta betri imekalia kipande cha mbao, imezungushiwa mpira wa tyubu, ukiisukuma kwa kidole inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Betri hiyo imeuliwa na kutikisika, na hata ukinunua nyingine ya bei mara mbili ukaifunga vile vile itakufa vile vile.

Ndani ya betri kuna pleti za risasi zilizopakwa unga, zimebanana na kutenganishwa na vitu vyembamba kama karatasi. Gari likiwa kwenye rafu rodi na betri inarukaruka, ule unga unapukutika unajaa chini, siku ukizifikia pleti zinashikana na chumba kimoja kinakufa. Nadharia inaishia hapo, tusonge.

Ila kuna kitu kikubwa kuliko betri kufa. Niliwahi kuitwa usiku kwenye barabara ya kutoka Mang'ola, Canter imebeba vitunguu, imezima na inanuka plastiki. Betri ilikuwa imehama kwenye trei, kichwa cha chanya kikagusa mfuniko wa chuma wa boksi, na waya mkubwa wa stata kwenye haya magari mara nyingi hauna fyuzi, kwa hiyo hakuna kitu kinachokata moto. Nilipofunua, kwenye ule mfuniko kulikuwa na shimo la ukubwa wa shilingi, kingo zake zimeyeyuka zikaganda matone matone kama nta ya mshumaa, na waya umebaki shaba tupu kama nusu mita. Dereva na utingo wake walikuwa wamekaa mbali na gari wanatetemeka. Nati moja ya klampu ndo ilikuwa imedondoka, nati ya namba 10. Tangu siku ile sifungi betri ya mtu haraka haraka hata akinipigia kelele kwamba mzigo unachelewa.

Naongelea magari ya zamani, Canter, Isuzu NPR na NKR, Dyna, Fuso, hata pikapu za Hilux na Land Cruiser za miaka ya 80 na 90. Kazi ni ile ile, tofauti ni ukubwa tu.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Spana namba 10, 12 na 13, na ikiwezekana zizungushie utepe wa umeme kwenye mpini
- Mita ya kupimia volti, hata ile ndogo ya bei rahisi inatosha
- Futi ya kupimia
- Brashi ya waya na msasa
- Magadi, yale yale ya kupikia makande, kijiko cha chakula kimoja au viwili kwenye maji nusu lita
- Kipande cha raba nene, kama milimita 5. Mkanda wa mashine ya kusaga uliochoka ni mzuri sana
- Bolti mbili ndefu za ndoano, klampu ya juu, washa, springi washa na nati loku
- Grisi au mafuta ya mgando
- Glavu, miwani ya kukinga macho, na ndoo ya maji safi pembeni yako

Hiyo ndoo ya maji sio mapambo. Asidi ikikurukia jichoni unaosha hapo hapo kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 mpaka 20 bila kuacha, alafu ndo unaenda hospitali, usianze safari ya hospitali kwanza. Na magadi ni ya chuma na betri kwa nje, usipake mwilini wala jichoni.

Vua saa, vua pete, vua na cheni. Nimeona mtu pete imemgandia kidoleni baada ya kugusa spana iliyokuwa imelala kati ya chanya na bodi, alama anayo mpaka leo.

HATUA YA 1: Jua gari lako ni volti 12 au 24

Usiangalie idadi ya betri. Kuna gari zina betri mbili na ni 12, kuna zenye mbili na ni 24, na watu wanachanganya hapo kila siku. Angalia waya. Kama chanya ya betri moja imeungwa kwenye hasi ya nyingine, hiyo ni 24. Kama chanya zote mbili zimeungwa pamoja na hasi zote mbili pamoja, hiyo ni 12 iliyoongezewa nguvu. Alafu hakikisha kwa mita, weka nyaya za mita kwenye ncha mbili za mwisho zinazoenda stata na ethi (waya wa hasi unaoshika chesisi), ukisoma kama 25 ni gari la 24. Angalia pia maandishi kwenye alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, na hata kwenye balbu.

Dyna ndo zinachanganya zaidi, unakuta mbili zinafanana kila kitu, moja ya 12 moja ya 24. Usimuamini aliyekuuzia gari, pima mwenyewe.

HATUA YA 2: Pima trei, alafu soma namba ya betri

Chukua futi pima trei urefu na upana kwa ndani, pima na kimo kutoka chini mpaka kwenye mfuniko wa boksi au boneti. Kimo watu wanasahau. Kati ya vichwa vya betri na chuma chochote cha juu ibaki nafasi ya vidole viwili vilivyolala, sio chini ya hapo.

Dukani utasikia N50, N70, N100, N120, N150, N200. Hiyo namba kwa kukadiria ndo uwezo wa betri kwa ampea-saa. N70 ina urefu wa kama sentimita 30.6 na upana 17.3. N100 inaruka mpaka sentimita 41. N120 na N150 zote zina kama sentimita 51 ila N150 ni pana zaidi, na N200 ni pana kuliko zote, kama sentimita 28, ile hata kuinua inataka watu wawili.

Kwenye betri nyingine utakuta imeandikwa hivi, 95D31R. Ya kwanza, 95, ni nguvu, ikiwa kubwa nguvu ni kubwa. Herufi D ni upana na kimo. 31 ni urefu kwa sentimita. R au L ya mwisho ndo inasema chanya ipo upande gani, na hapa ndo watu wanaliwa hela. Ukinunua L wakati gari linataka R, waya wa chanya haufiki, unaanza kuuvuta kwa nguvu au kuunga kipande, na waya uliovutwa unang'oa kichwa cha betri taratibu kila gari likiruka tuta. Njia rahisi kuliko zote ni kwenda dukani na betri ya zamani, uziweke mbili sambamba uzitazame kama mapacha.

Sasa swali la N70 au N100. Jibu langu ni hili, nunua iliyotoka kiwandani na gari au ya saizi ya trei yako. Betri kubwa kuliko trei itakaa nusu ndani nusu nje, na hakuna klampu itakayoishika. Unataka nguvu zaidi, tafuta ile ya umbo lile lile lenye namba ya kwanza kubwa zaidi, mfano 95D31 badala ya 65D31.

Na tafadhali usiweke betri ya sola kwenye lori. Najua wengi wanayo nyumbani na inaonekana kubwa na nzito. Ile imetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, stata inataka umeme mwingi kwa sekunde chache. Itakuwashia wiki mbili tatu alafu inalala.

HATUA YA 3: Dukani, kabla hujatoa hela

Omba mita au tumia yako. Betri mpya iliyochajiwa inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 mwambie muuzaji aichaji kwanza, chini ya 12.2 achana nayo, imekaa sana.

Angalia vichwa kwa karibu, tena kwenye mwanga. Kichwa ambacho hakijawahi kufungwa ni laini na kinang'aa, kikiwa na mikwaruzo ya kuzunguka au alama za brashi basi hiyo betri ilishakaa kwenye gari la mtu. Kuna watu wanazifufua, wanamwaga asidi wanaweka mpya na stika mpya, zinakaa mwezi. Angalia ubavu kama umevimba, angalia stika kama imebandikwa juu ya nyingine, tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye plastiki.

Kama ni ile inayokuja tupu ikajazwe asidi dukani, simama uone ikijazwa, subiri nusu saa pleti zinywe, alafu ichajiwe kabla hujaondoka. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye gari itabaki nusu chaji maisha yake yote. Na hizi zisizoongezwa maji ambazo watu wanaziita betri kavu, ndani zina asidi kama nyingine, usizilaze.

Gari la volti 24 nunua mbili kwa pamoja, kampuni moja, namba moja, tarehe zinazokaribiana. Najua inauma mfukoni. Lakini ukichanganya mpya na chakavu, ile chakavu inawahi kujaa na kuchemka, mpya inabaki na njaa, na baada ya miezi michache unakuwa na mbili chakavu.

Waranti iandikwe tarehe na uweke risiti. Ubavu ukipasuka kwa kucheza kwenye trei, waranti hiyo isahau.

HATUA YA 4: Toa betri ya zamani

Zima kila kitu, toa funguo, piga picha ya nyaya zote kwa simu yako. Hiyo picha itakuokoa, niamini.

Fungua hasi kwanza, yaani ule waya wa ethi unaoenda kwenye chesisi. Kila siku ni hasi kwanza kutoka na hasi mwisho kuingia. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na ethi bado ipo, cheche inaruka, na betri inatoa gesi inayolipuka. Kwa gari la 24, toa ethi ya chesisi, alafu ule waya mfupi unaounga betri mbili, alafu chanya.

Teminali, yaani kile kishikio cha waya kwenye kichwa cha betri, ikigoma usiigonge kwa nyundo wala kuizungusha kwa koleo, utalegeza kichwa ndani. Mwagia maji ya moto yenye magadi, subiri, tanua kwa bisibisi polepole.

Usiwashe kiberiti wala usivute sigara karibu. Kuna tabia ya kuchungulia maji ya betri usiku kwa kiberiti cha gesi, iacheni jamani, tumieni tochi ya simu.

Inua kwa magoti sio kwa mgongo, na ishike wima.

HATUA YA 5: Safisha trei na uikague kwa ukali

Mwaga yale maji ya magadi kwenye trei, utaona yanachemka povu, hiyo ni asidi inakufa. Rudia mpaka povu liishe, suuza, kausha. Sisi wa huku Arusha na Moshi tuna bahati, magadi ya Natron yapo kila soko, Kilombero pale au Mbuyuni Moshi unapata kwa hela ndogo, na kazi yanafanya vizuri.

Sasa chukua bisibisi gongagonga chuma cha trei. Kikitoboka au kikitoa vigae vya kutu, usijidanganye kwa kupaka rangi. Kata chomelea upya kwa chuma cha engo, na kuchomelea kufanyike betri ikiwa imetolewa kabisa kwenye gari, sio imesogezwa pembeni. Nyaya za alteneta nazo zifunguliwe. Baada ya hapo paka redioksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mara mbili, acha ikauke.

Angalia na trei yenyewe imefungwaje kwenye chesisi. Mara nyingi betri imebana vizuri kwenye trei ila trei yote inaning'inia kwa bolti moja. Angalia pia iko umbali gani na bomba la ekzosi, kama mkono wako unahisi joto kali pale baada ya safari, weka kinga ya bati katikati lenye nafasi ya hewa pande zote mbili.

HATUA YA 6: Weka raba chini

Kabla ya raba, futa trei kwa mkono. Kakokoto kamoja tu kakikaa chini ya betri yenye kilo 20 na kitu, kwa barabara ya mawe kama ya Engaruka, katatoboa plastiki.

Raba iwe ya saizi ya trei nzima, ikiwa na matundu mawili ya maji kutoka. Sipendi mbao. Mbao inanyonya asidi na maji ya mvua, inakaa mbichi, inaozesha chuma kwa chini na wewe huoni mpaka trei idondoke.

HATUA YA 7: Kaza klampu, hapa ndo pa kutulia

Kaa na hii hatua, usiharakishe.

Weka betri, chanya ielekee upande wake. Isukume kushoto kulia, mbele nyuma. Nafasi yoyote inayobaki pembeni ijaze kwa vipande vya raba vilivyokatwa kwa saizi, viingie kwa kubana kidogo. Lengo ni betri isiweze kuteleza hata kabla hujaweka klampu.

Sasa klampu ya juu. Nzuri ni chuma cha engo au flatba iliyopita juu ya betri kwenye kingo, au fremu inayozunguka betri nzima, imevishwa raba au bomba la plastiki lililopasuliwa, isipite juu ya vichwa wala karibu yake. Bolti mbili za ndoano zinashika chini ya trei kwenye matundu yake, sio kwenye ukingo uliokunjwa wa bati. Kata bolti zilizozidi urefu, bolti ndefu iliyosimama karibu na chanya ni ajali inasubiri, na ile ncha iliyobaki uivishe kipande cha mpira.

Funga hivi, washa pana, springi washa, nati ya kwanza, alafu nati loku juu yake. Kaza kushoto kidogo kulia kidogo, zamu kwa zamu, kama unavyokaza tairi. Simama pale raba ya klampu inapoanza kubonyea. Ukiendelea mpaka ubavu wa betri unatanuka au mfuniko unalia, umeshazidisha, utapasua.

Kipimo changu ni hiki. Shika betri kwa mikono miwili, itikise kwa nguvu zako zote. Gari litikisike, betri isitikisike peke yake. Kama kuna mchezo hata wa milimita mbili, fungua anza upya.

Kuhusu mpira wa tyubu. Najua kila mtu anautumia na najua unabana sana siku ya kwanza. Ila mpira unavutika, na kuvutika ndo kitu ambacho hatutaki, gari likiingia shimo betri inaruka na mpira unairudisha kwa kishindo. Joto na asidi vinaukausha, siku unakatika hausikii. Kamba ya manila ni hivyo hivyo, na waya wa kufungia nondo ndo mbaya kuliko vyote maana ukihama unagusa vichwa. Uko porini klampu imekatika, funga tyubu ufike nyumbani, sawa, ila kesho yake asubuhi iwe kazi ya kwanza.

HATUA YA 8: Rudisha nyaya

Safisha teminali kwa ndani mpaka zing'ae. Chanya kwanza, alafu waya wa kuunga kama ni gari la 24, ethi ya chesisi mwisho. Teminali ishuke mpaka chini ya kichwa kabla ya kukaza, kama inakaa juu juu itanue, usiigonge. Ikiwa pana usijazie kwa msumari wala karatasi ya sigara, nunua nyingine, ni bei ndogo kuliko mafuta ya safari moja.

Paka grisi kwa nje baada ya kukaza. Chanya ivalishwe kofia ya plastiki au raba, hili ni lazima. Nyaya zilegee kidogo lakini zisisuguane na chuma, na zikipita kwenye tundu la bati zivishwe raba. Zifunge kwenye chesisi kila baada ya kama sentimita 30.

Ethi ya lori la zamani usiiamini kwa macho. Fungua pale inaposhika chesisi, sugua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, funga tena, paka grisi.

HATUA YA 9: Kinga ya wezi

Boksi la betri kwenye chesisi liko wazi kwa kila mpita njia na betri za malori zinaibiwa sana, hasa mnaolaza magari nje pale Njia Panda au Makuyuni. Chomelea mfuniko wa chuma au nondo yenye sehemu ya kufuli. Ila kumbuka ya Mang'ola, mfuniko uwe na ile nafasi ya vidole viwili, kwa ndani uvishwe raba nene, na uwe na matundu ya kutoa gesi. Kufuli lifunguke haraka, funguo ikae kwenye kebini sehemu ambayo na utingo anaijua, maana waya ukianza kuwaka hamna muda wa kutafuta funguo kwenye suruali ya mtu aliyelala gesti.

HATUA YA 10: Washa na upime

Gari likiwa limezima pima, 12.6 au kwa la 24 kama 25.2. Mwambie mtu apige stata huku unaangalia mita, isishuke chini ya 9.6, au kama 19 kwa la 24. Likiwaka, kanyaga mafuta kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.4, au 27.6 mpaka 28.8.

Tembea kilomita 50, hapo ni kama kutoka Arusha mpaka ukaribie Boma Ng'ombe, simama kaza tena nati za klampu. Raba huwa inajipanga na nati zinalegea mara ya kwanza. Baada ya hapo kagua kila unapobadilisha oili, na kila ukitoka rafu rodi ndefu.

Betri ya zamani iuze au ibadilishe dukani, ina risasi, ina thamani. Asidi usimwage chini na kwa watu wa Moshi naomba sana isiende kwenye mfereji, kuna mtu huko chini anamwagilia mboga na kuna ng'ombe anakunywa.

UKIKUTA SHIDA

Betri mpya, asubuhi stata inavuta kwa uchovu, mchana iko sawa. Juni na Julai Arusha baridi inachangia, oili inakuwa nzito na betri yenyewe inapungua nguvu. Subiri taa ya hita izime kabla ya kupiga stata. Kama bado, pima ethi, weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi na mwingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, shida ni waya wa ethi, betri haina kosa.

Gari la 24, betri moja inakufa kila mara, ile ile. Hapo naomba uangalie redio. Watu wanafunga redio au chaja ya simu ya volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, hiyo moja inanyonywa peke yake na alteneta inachaji zote kwa pamoja, kwa hiyo moja inabaki na njaa na nyingine inazidishiwa. Mnaibadilisha mnaibadilisha na inakufa upande ule ule. Funga konveta ya kushusha 24 kuwa 12 na uitoe umeme kwenye ncha mbili za mwisho.

Maji yanakauka haraka, kuna harufu ya yai bovu. Inazidishiwa chaji. Mita ikisoma zaidi ya 14.8, au zaidi ya 29.6 kwa la 24, peleka regyuleta ya alteneta ikaangaliwe. Zikikauka ongeza maji ya betri tu, yale yasiyo na madini (distilled) ya dukani. Asidi usiongeze. Maji ya bomba hapana, na maji yetu ya Arusha yalivyojaa madini ndo hapana kabisa, hata ya chupa ya kunywa yana madini. Pleti zikiwa wazi zifunike kwanza kwa maji hayo, chaji, alafu ndo ujaze mpaka kwenye mstari.

Inalala vizuri Jumamosi, Jumatatu haiwaki. Kuna kitu kinanyonya. Zima vyote, toa waya wa hasi, weka mita kwenye upande wa ampea kati ya waya na kichwa cha betri. Lori la zamani lisilo na kompyuta linatakiwa lisome karibu na sifuri. Ukiona zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke, hapo umempata mwizi. Usipige stata mita ikiwa pale, utaiunguza. Fyuzi zote zikiwa nje na bado inanyonya, fungua waya wa alteneta, mara nyingi ni dayodi zake.

Vichwa vinaota unga mweupe au wa kijani kila wiki. Kichwa kimelegea kwenye plastiki au kuna ufa na asidi inapanda. Sugua kwa magadi, kausha kabisa, paka sabuni ya maji kuzunguka kichwa, kikitoa mapovu wakati gari linachaji hiyo betri imeshapasuka.

Umekwama na unataka kubusti. Gari la 24 usilibusti kwa gari la 12, tafuta 24 mwenzake. Unga chanya kwa chanya, alafu waya wa pili kwenye hasi ya gari linalokusaidia, na ncha ya mwisho ishike chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche iruke huko. Likishawaka toa kwa kurudi nyuma, ile ya mwisho kuingia iwe ya kwanza kutoka, na kabla hujaondoka fungua boksi utazame klampu, maana mara nyingi betri iliyokukwamisha barabarani utaikuta inacheza.